Kuba Bila Birika

Ardhi ile ilikuwa imekaa tu. Hiyo ndiyo sentensi inayofungua kila mazungumzo kuhusu villa za mapumziko zinazochipuka kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, na mara nyingi ndiyo inayoyafunga. Dalali wa ploti anaisema. Mwenye villa anaisema. Mwanasiasa anayekata utepe anaisema kwa kipaza sauti. Siku hizi hata mgeni aliyekuja kulala wikendi moja anairudia huku akijipiga picha: palikuwa na mawe na nyasi kavu, leo pana nyumba nyeupe pe, kuba la samawati, kidimbwi cha kuogelea na vitanda vya kujilaza juani, utadhani uko kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Kazi zimepatikana, barabara imechongwa, Mmaasai ameuza kwa hiari yake na amelipwa. Nani ameumia?

Nabisha. Tena nabisha nikiwa mkazi wa Kitengela, mwenye nyumba kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 iliyokatwa kutoka ardhi ya wafugaji kama ploti nyingine zote za hapa, kwa hiyo sijipi usafi ambao sina. Wala sina ugomvi na starehe. Mkenya aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kuoga kwenye kidimbwi na kuchoma nyama mahali penye hewa, na ni afadhali pesa zake azitumie Kajiado kuliko Mykonos. Ninachokataa ni maelezo yanayoambatana na starehe hiyo.

Mtindo wenyewe ni wa juzi. Aprili 2020, serikali ilipofunga eneo la Nairobi kwa sababu ya korona, mpaka wa kufungwa uliziweka ndani Kitengela, Ongata Rongai, Kiserian na Ngong. Diani ikawa mbali kama Ulaya, na ndege za abiria wa kimataifa zilikuwa zimesimama tangu Machi, zisirudi mpaka Agosti. Mkazi wa Kileleshwa aliyechoka kutazama kuta zake alibakiwa na pande chache za kukimbilia, na upande mmoja ulikuwa huku kwetu. Aliyekuwa na nyumba ya kustaafia pembezoni mwa Kitengela akagundua kuwa inakodishika kwa usiku. Jirani akaona. Barabara zilipofunguliwa Julai, biashara ilikuwa imeshika, na aliyekuja nyuma na mtaji mkubwa zaidi hakungoja kustaafu: alijenga nyumba kwa ajili ya kupigwa picha. Hapo ndipo Santorini ilipoingia Kajiado.

Basi turudi kwenye ardhi iliyokaa. Tambarare za Athi-Kaputiei, zinazoanzia kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na kushuka kupita Isinya, zilikuwa na ratiba kali kuliko ofisi yoyote ya kaunti. Mbuga ilipoanzishwa mwaka 1946 ilipewa kilomita za mraba 117 tu, na upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, ukaachwa bila ua kwa sababu kila mtu alijua kuwa wanyama hawawezi kuishi ndani mwaka mzima. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia walivuka kwenda kwenye nyasi fupi za Kaputiei, wakazalia huko. Kiangazi kikibana, walirudi mbugani kutafuta maji yasiyokauka. Ng'ombe walikuwa na mwendo wao pia. Walipelekwa mbali wakati wa mvua ili malisho ya karibu na boma yapumzike, na kila boma lilitenga olopololi, kipande kisichoguswa na kundi kubwa, cha ndama na mifugo dhaifu. Nyasi kavu unazoziona Agosti ukipita na gari ni chakula kilichowekwa. Anayesema ardhi hiyo haina kazi ni sawa na mtu anayechungulia ghala la mahindi la jirani, akaona hakuna anayekula wakati huo, akaomba auziwe ghala.

Najua jibu la haraka: ratiba hiyo ilishavunjika kabla ya villa. Ni kweli, na nitalieleza vizuri kuliko wanaolitoa. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai hati za pamoja za ranchi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa familia mojamoja kufikia 1988. Miaka michache baadaye eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, likafunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala, na ekari zikaanza kukatwa nusu, robo, hatimaye thumni. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Kitengela na watu kama 58,000. Ya 2019 ikawakuta zaidi ya 154,000. Hesabu za angani zilionyesha nyumbu wa tambarare hizi kuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 2011 walikuwa hawafiki 5,000. Machimbo ya mawe yamo katika lawama hiyo, mashamba ya maua yamo, na ploti yangu imo.

Lakini angalia villa inachagua kujengwa wapi. Ploti ya kawaida hufuata barabara, nguzo ya stima na shule. Mji wa namna hiyo, kwa ubaya wake wote, hukua kwa kujikusanya: unaweza kujua unaishia wapi, ukapanga njia ya mifugo ikauzunguka. Villa hukimbia mambo hayo yote. Mteja wake analipia upweke, machweo yasiyozibwa na ghorofa, twiga akipita mbali. Kwa hiyo mjenzi wake huruka mji na kutua katikati ya mahali palipobaki wazi, na akishatua, vitu alivyokuwa anavikimbia humfuata. Stima inavutwa kilomita kadhaa kwa ajili ya nyumba moja. Njia ya trekta inakuwa barabara ya murram. Halafu dalali anasimamisha ubao wa ploti za thumni, sifa yake kubwa ikiwa ni ujirani na villa. Mji uliokuwa unatambaa sasa unapewa daraja la kurukia. Mipango ya matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto iliandikwa kuzuia jambo hilohilo, kwamba maeneo ya malisho yasikatwe vipande vidogo, na villa moja ya ekari tano inaweza kuichakaza mipango hiyo kuliko mabanda 100 ya mabati kandokando ya lami.

Kisha kuna ukuta. Mgeni anauziwa tambarare isiyo na mwisho, lakini hawezi kuogelea nusu uchi mbele ya kundi la mbuzi, kwa hiyo villa inazungushiwa ukuta wa mawe na juu yake nyaya za umeme, ukuta ukiachwa mfupi upande mmoja tu, wa mandhari. Ukisimama nje utaona njia ya ng'ombe, ule mfereji mwembamba wa vumbi uliochimbwa na kwato kwa miaka, ikigonga ukuta na kupinda ghafla kulia. Kijana anayechunga anazunguka. Villa ya pili ikijengwa pembeni, anazunguka mbili. Ekari tano si kitu katika kaunti kubwa kama Kajiado, wanasema, na kwa hesabu ya ramani ni kweli. Ng'ombe hatumii ramani. Ekari tano zikikaa mdomoni mwa njia inayoteremka mtoni, zimefunga malisho ya ekari 500 nyuma yake.

Sasa maji, na hapa naomba uvumilivu maana nitapiga hesabu.

Kidimbwi cha wastani, urefu mita 10, upana mita 4, kina mita moja na nusu, hubeba lita 60,000. Hayo ni malori sita ya maji ya lita 10,000, au mitungi 3,000 ya lita 20, ile ya njano tunayoifahamu sote. Ng'ombe wa kienyeji wakati wa joto hunywa kama lita 30 kwa siku. Kidimbwi kimoja kingewanywesha ng'ombe 60 mwezi mzima na maji yabaki. Hakijazwi mara moja kikaachwa, pia. Jua na upepo wa huku vikinyonya hata milimita tano tu kwa siku, kidimbwi hicho kinapoteza lita 200 kila kunapokucha, mitungi kumi, ambayo hakuna mtu aliyekunywa wala kuoga. Usafi wa kidimbwi sijauweka.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Bomba la Noolturesh linaanzia kwenye chemchemi za Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, linasafiri zaidi ya kilomita 200 likigawiwa kila mji njiani mpaka Athi River na Machakos, na linapofika kwetu tayari limechoka. Kwa hiyo villa inachimba kisima kirefu. Maji ya chini ya Kajiado mengi yana chumvi na floraidi, ile inayowaachia watoto meno ya kahawia, na mwenye villa analijua hilo: wageni anawaletea chupa za dukani, ya kisima yanaenda kuogelewa. Mwenye boma jirani, kisima chake kifupi kikianza kukohoa matope, hana wa kumshtaki. Leseni ya kuchimba ilitolewa na mamlaka ya maji kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, karatasi zote ziko sawa. Wakati wa ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kupitiliza misimu mitano ya mvua, mizoga ya ng'ombe ilitapakaa katika kaunti hii. Sikusikia villa yoyote iliyofunga kidimbwi.

Jambo hili limekwisha kupimwa kwa jirani zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, Zanzibar, ulikuta nyumba ya mwenyeji ikitumia takriban lita 93 za maji kwa siku, na chumba kimoja cha nyumba ya wageni kikitumia lita 686. Lamu nako, vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa, na kwa miaka mingi wenyeji wamelazimika kuvilinda dhidi ya watu wanaoviona kuwa viwanja vyenye mandhari ya bahari. Mchanga ule nao ulisemwa kuwa umekaa tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tumeiga vibaya. Santorini ni mwamba wa volkano usio na mto. Nyumba zake za kuba, nyingi zikichimbwa ndani ya majivu yaliyoganda, zilikuwa za watu maskini, na pale kila tone la mvua lilikuwa na mwenyewe: paa na ua vilielekezwa kwenye birika lililochimbwa chini ya nyumba, familia ikaishi kwa maji hayo kiangazi kizima. Mtetemeko wa Julai 1956 ulibomoa sehemu kubwa ya kisiwa, wengi wakahama, na baadaye nyumba zilezile zikageuzwa malazi ya wageni. Fundi wetu ameleta kuba na rangi. Birika ameliacha hukohuko. Paa la villa lenye mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 500 kwa mwaka, ambayo si nyingi hata kwa Kajiado, hupokea lita 100,000. Zikipotea lita 20,000 njiani, zinazobaki bado zinajaza kidimbwi kile na mtungi wa mlinzi juu yake. Katika villa nyingi ninazozijua, maji hayo yanatiririka kwenye bomba la plastiki mpaka nje ya ukuta, yanachimba korongo barabarani, basi.

Na wenyewe wenye visiwa vya Mediterania wameanza kusema basi. Mwaka 2024 maelfu ya watu waliandamana Palma, Mallorca, kupinga nyumba za wageni wa muda mfupi zilizowafukuza wapangaji. Ibiza, wafanyakazi wa hoteli wameripotiwa kulala kwenye magari kwa kukosa kodi wanayoimudu. Sisi tunaagiza mtindo wakati kwao wenyewe wanautafutia breki.

Kuhusu kazi sitakawia. Villa ina mlinzi, msafishaji, mtu wa kidimbwi anayekuja mara moja kwa wiki, na mpishi iwapo mgeni ataagiza. Mkaa, nyama na vinywaji hufika ndani ya buti la gari kutoka supamaketi ya Nairobi. Malipo hupita kwenye programu ya simu ya kampuni ya California au M-Pesa ya mwenye villa anayeishi Syokimau au Doha. Ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaotozwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, villa ikiulipa, unakwenda mfuko wa kitaifa. Kazi ni kazi, sizidharau. Mlinzi yule ana watoto wanaosoma kwa mshahara huo. Ila mtu asiniambie kuwa watu wawili na nusu walioajiriwa ni fidia ya malisho yaliyofungwa.

Hoja ngumu ni ile ya hiari. Mmaasai aliuza mwenyewe, amepokea pesa, mimi ni nani wa kumlilia? Anayesema hivi hukosea kidogo tu, lakini hapo anapokosea ndipo pana uzito. Ardhi ya mababu hawa ilichukuliwa mara mbili kwa karatasi, mkataba wa 1904 na wa 1911. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ya Ole Njogo, walishindwa bila kusikilizwa kiini cha madai yao. Kizazi kilichopata hati za mtu mmojammoja miaka ya 1980 kilikuwa na sababu nzuri ya kupenda karatasi yenye jina lake. Sasa mfikirie mwenye ekari 60 baada ya ukame, nusu ya kundi imekufa, mtoto amepata nafasi ya chuo. Anauza ekari tano. Ni haki yake na mimi ningeuza. Lakini anachouza kina sehemu isiyo yake peke yake. Thamani iliyomleta mnunuzi, ule uwazi, inatengenezwa na majirani 20 ambao hawajauza bado. Mnunuzi anamlipa mmoja, anapata ya wote. Kesho yake anaweka picha mtandaoni: twiga, machweo, nyasi hadi upeo wa macho. Hivyo vyote viko kwenye ardhi ya watu ambao hawajalipwa hata senti, na ambao wanaendelea kulisha pundamilia nyasi za ng'ombe wao.

Wazo la kuwalipa si ndoto yangu. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori kusini mwa mbuga: familia ililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka isizungushe seng'enge, isikate ploti, isichimbe mawe. Familia nyingi ziliingia, na pesa zikalipa karo. Udhaifu wake ni kwamba zilitegemea wafadhili, na mfadhili huchoka. Piga hesabu: ekari 60 kwa kiwango kile ni dola 240, kama shilingi 31,000 kwa bei ya dola ya miaka hii. Villa ya vyumba vinne inaweza kuzipata hizo wikendi moja. Mwenye uwazi anapata kwa mwaka kile ambacho mwenye dirisha la kuutazama anapata kati ya Ijumaa na Jumapili.

Anayedai kuwa hakuna njia nyingine ya kupata pesa kwenye tambarare hizi bila kuziuza, apande Kipeto. Mitambo 60 ya upepo, megawati 100, ilianza kuuza umeme mwaka 2021. Ardhi haikuuzwa. Wenye ardhi waliikodisha, wanalipwa, na ng'ombe wanalala kwenye kivuli cha mnara. Na anayedai kuwa utalii wa Kitengela umeanza na makuba haya, aulize Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze ukingoni mwa korongo la Mbagathi tangu karne iliyopita: watu wanatoka mbali kutazama chupa zilizotupwa zikigeuka vioo vya rangi, wanalala hapohapo, na hakuna aliyewahi kuhitaji kudanganywa kuwa yuko Ugiriki.

Kwa hiyo bunge la kaunti lina kazi ya kufanya, na halihitaji kupiga marufuku villa hata moja. Kila usiku unaokodishwa nje ya mipaka ya miji utozwe kiasi, na pesa hizo ziende moja kwa moja kwa familia zinazoacha ardhi yao wazi katika eneo hilohilo, bila kupitia mfuko wa Nairobi. Hakuna idhini ya kidimbwi bila birika la mvua linaloweza kukijaza. Njia za mifugo zipimwe na kuandikishwa kabla ya ukuta, ili anayeziba ajue anaziba barabara. Watakuja waseme gharama zitapanda na mgeni atahamia Naivasha. Ahamie, kama alichokuja kutafuta ni kidimbwi. Kidimbwi kiko kila mahali. Aliyekuja kwa ajili ya tambarare atalipa, maana akitazama bei ya usiku mmoja ataona kuwa shilingi 500 za kumlipa jirani asiyejenga ni chini ya bei ya gunia la makaa alilolibeba kwenye buti.